Kivuli cha Mama Hakilalamiki

Katika jimbo zima la Kipengere hakukuwa na mtu aliyebembelezwa kama Zakayo Tweve, fundi wa baiskeli. Vyama vyote viwili vilimjua kwa jina. Vilijua kwamba anapenda chai ya tangawizi isiyo na sukari, na kwamba kwa chaguzi nne mfululizo hakuamua ampe nani kura yake mpaka alipoingia kwenye chumba cha kupigia. Kwa hiyo mlango wake haukukaukiwa wageni. Wagombea walikaa kwenye benchi lake wakisifia spana zake, na yeye, kusema kweli, alikuwa ameshanogewa.

"Twilumba!" alipaza sauti Jumamosi hiyo alipomwona akipita kwenda mlimani. "Waambie wakubwa zako sijaamua."

"Wanajua, baba mdogo."

"Na uwaambie habari ya bomba. Maji ya ukungu yashushwe mpaka mjini, bomba liwe chini ya halmashauri, tusiwe tunapanga foleni na madumu kama enzi za bibi zetu. Wakifanya hivyo nitawafikiria. Kuwafikiria tu, sijasema zaidi."

"Wadadisi wa chama hawajapita kwako kuuliza maoni?"

"Walipita juzi. Niliwasimamisha hapo hapo kizingitini nikawapa vidonge vyao. Hata maji ya kunywa sikuwapa."

Twilumba Sanga alicheka, akaendelea na safari. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kwa miaka mitano alikuwa mtunza kivuli wa Chama cha Chemchemi. Kazi hiyo aliipenda, na alijua kwamba anaiweza. Aliingia kwenye kitoroli cha waya pamoja na wanawake wawili na gunia la mbegu za viazi, kikaanza kupanda taratibu kuelekea kata ya Ilungi, alikozaliwa.

Huko juu, nyavu za ukungu zilisimama safu kwa safu mgongoni mwa mlima, kila moja ikiwa na urefu wa nyumba mbili. Tangu mito ikauke, wakati babu zake Twilumba wakiwa vijana, jimbo zima lilikunywa kwa nyavu hizo. Ukungu ulinasa kwenye matundu yake madogo, ukawa matone, na matone yakashuka kwenye mifereji mpaka kwenye matangi. Wanawake wa Ilungi ndio walioziosha na kuzishona, na Chemchemi yenyewe ilizaliwa hapo, kwenye mikutano yao. Siku hiyo vitambaa vya chama, bluu na nyeupe, vilipepea kwenye kila safu. Twilumba aliviona kutoka kwenye kitoroli akafurahi. Alisema moyoni kwamba kwao hawajabadilika.

Mama yake, Edina Sanga, alimpokea kwa vigelegele. Akamtolea kiti chenye kitambaa cha kufuma, akamwekea chai kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu na kisahani chake. Akachinja kuku, ingawa Twilumba alimsihi asichinje.

"Habari za hapa, mama?"

"Salama, mwanangu. Hatujambo kabisa. Kula."

"Nyavu mpya mlizoahidiwa zimefika?"

"Zitafika. Ongeza mchuzi."

Twilumba akaongeza mchuzi. Alijisikia vizuri, ameshiba, miguu imenyooshwa juani. Akauliza kama wadadisi walifika na huku.

"Eeh, walikuja!" Mama Edina uso ulimng'aa. "Watoto wawili wazuri, wana adabu. Tukawachinjia jogoo, tukawapikia na viazi. Wakatuuliza kama tunaridhika na chama."

"Mkasemaje?"

"Sasa mwanangu, mgeni ana paja la kuku mdomoni, wewe utamwambia nini? Tukawaambia tunaridhika." Akacheka mpaka akashika mbavu, na Twilumba naye akacheka. Baadaye alitoka kunyoosha miguu.

Alisimama mbele ya wavu wa kwanza. Kitambaa cha bluu na nyeupe hakikufungwa pale kama bendera. Kilikuwa kimeshonwa, kwa uzi wa katani, mishono midogo midogo, juu ya tundu ambalo kichwa cha ng'ombe kingepita. Akautazama wavu wa pili, na wa tatu. Vitenge vyote vya kampeni iliyopita vilikuwa vimekatwa vipande na kushonewa nyavuni.

"Mama, hizi ni bendera?"

"Hivyo ni viraka," alisema Mama Edina, kisha akawa kama mtu aliyekanyaga siafu. "Lakini vinapendeza, sivyo? Njoo, chai inapoa."

*

Jumatatu asubuhi, katika ofisi ya chama mjini, Kheri Mshamu alikuwa amevaa masweta mawili. Kheri alikuwa ametumwa na makao makuu kuongoza kampeni. Alizaliwa Kilwa, na baridi ya Kipengere alikuwa hajaisamehe. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kufikiri, na hakumwonea mtu, na hilo lilifanya iwe vigumu kubishana naye. Mezani alikaa mgombea mwenyewe, Mwalimu Oresto Mbilinyi, mstaafu mwenye ndevu nyeupe. Nusu ya jimbo ilikuwa imejifunza kuzidisha na kugawanya mikononi mwake.

"Haya, Twilumba," alisema Kheri, "tuonyeshe."

Twilumba akawasha kivuli. Kwenye ukuta likatokea jimbo lote, na ndani yake nukta elfu sitini, kila nukta mpigakura mmoja. Sheria iliruhusu kila chama kuwa na jimbo lake la kivuli, kwa sharti kwamba majina yasiwemo. Kila miezi sita wadadisi walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na vikuku vya kunasia. Kikuku kilichukua maneno, mtetemo wa sauti, mapigo ya moyo na picha za mazingira, na kutokana na hayo mashine ikafuma kivuli cha mtu: apendacho, aogopacho, kinachomuudhi. Ukivisomea vivuli hotuba, kabla chai haijachemka ungejua nani amekuelekea na nani amekupa kisogo. Katika chaguzi mbili zilizopita kivuli cha Twilumba kilikosea kwa kura mia nne tu. Alikuwa na cheti ukutani.

"Hotuba ya kwanza," alisema. "Nyavu zibaki mikononi mwa ushirika wa Ilungi, kama tulivyoahidi siku zote."

Nukta zikatulia. Kura elfu ishirini na saba na mia tisa. Walikuwa wameshindwa.

"Hotuba ya pili. Nyavu zichukuliwe na halmashauri, bomba lije mjini."

Mji mzima ukageuka bluu. Zaidi ya watu elfu tano na mia tano wa katikati, akina Zakayo Tweve na wenzake, walihama kwa mkupuo. Elfu thelathini na tatu na mia nne.

"Na huko mlimani tumepoteza wangapi?" aliuliza Mwalimu Oresto.

Twilumba akasoma. "Arobaini."

"Arobaini kati ya elfu kumi na moja!" Kheri alipiga kofi. "Pengine hao arobaini siku hiyo waliamka na mafua. Mwalimu, mimi nasema jambo moja. Wakereketwa wako nyumbani tayari. Mtu hamchumbii mkewe."

"Wewe hujaoa, Kheri," alisema Mwalimu.

Wakacheka wote watatu. Kisha Twilumba akasema, "Kivuli cha Ilungi ni kibovu."

Akawaeleza. Kwao mlimani, mgeni hapelekewi malalamiko. Anapewa kiti, anapewa kuku, na anaambiwa habari njema. Wadadisi wa chama walipokewa kama wageni wa heshima kwa sababu walikuwa wa chama. Hata mapigo ya moyo hayakuwaumbua, maana mwanamke wa Ilungi akiwa na mgeni mezani anafurahi kweli kweli. Kikuku kikapiga picha za vitambaa nyavuni kikaviandika kuwa bendera elfu mbili na mia tatu. Watu wa mjini, ambao hawakukipenda chama, waliwasimamisha wadadisi mlangoni wakawaambia ukweli. "Kwa hiyo tunawajua wasiotupenda mpaka uvunguni," alimaliza, "na wanaotupenda hatuwajui kabisa."

Kheri hakukasirika. Macho yalimng'aa kama ya fundi aliyeonyeshwa tundu la pancha. "Safi sana! Basi tukitengeneze. Wewe ni wa kwao, hawatakuchinjia kuku kila siku. Vaa kikuku, nenda kakae nao, unase wanavyosema wakiwa wenyewe. Ukinipa uchungu wao halisi, mashine itatuambia tuwape nini hasa ili wabaki. Kiasi kile kile. Hakizidi, hakipungui."

Twilumba aligeukia nukta za Ilungi ukutani. Alikuwa ametaka wamjue mama yake vizuri. Sasa aliona maana ya kumjua. Kivuli kile kibovu, kwa ujinga wake wote, kilikuwa kimemficha. Akikitengeneza, chama kitajua Mama Edina anaweza kukanyagwa mpaka wapi kabla hajaondoka, na kitamkanyaga mpaka hapo hapo, bila kupitiliza hata unyoya. Na asipokitengeneza, hotuba ya pili itasomwa sokoni Jumamosi, na nyavu zitakwenda.

"Nipeni Jumatano," alisema. "Na nipeni Mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa kuosha nyavu."

Mwalimu Oresto alimtazama, kisha akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa. "Mabuti ninayo," alisema.

Kheri akavua kikuku chake mwenyewe akamkabidhi Twilumba. "Sawa. Lakini urudi na sauti zao."

*

Nyavu huoshwa mara moja kwa mwezi, kunapopambazuka, kabla jua halijakausha utelezi wa kijani unaoziba matundu. Wawili hushika ncha, wa tatu husugua kwa brashi. Maji ni ya baridi ya kutia ganzi. Na kuna desturi ambayo haikuandikwa popote: aliyeshika ncha ya wavu si mgeni. Ukiwa wavuni unasema lako lote, unamwambia jirani kwamba mbuzi wake wamekula maharage yako, unamwambia wifi yako kwamba ni mchoyo. Wavu ukishatundikwa, maneno hayo hayapelekwi nyumbani wala kwa mtu mwingine. Twilumba aliyasikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Mwalimu alipotokea kwenye ukungu, wanawake wakakimbia kumtafutia kigoda.

"Kigoda sitaki," alisema. "Chai nayo sitaki. Nipeni brashi."

Wakatazamana. Mama Lusungu, rafiki wa Mama Edina tangu utotoni, alimpa brashi kwa mikono miwili kama anampa zawadi. Mwalimu akasugua. Kwa nusu saa walimpa salamu na pole tu: "kamwene, Mwalimu," "pole, Mwalimu," "utachoka, Mwalimu." Suruali ikamlowa mpaka magotini. Kisha akakanyaga utelezi, miguu ikapaa, akaketi kwenye mfereji kwa kishindo.

Mama Lusungu akatoa kicheko ambacho pengine Zakayo Tweve alikisikia huko chini, na wote wakacheka, na Mwalimu mwenyewe akacheka akiwa amekaa majini.

"Sasa umekuwa wetu," alisema Mama Edina. "Shika ncha ile. Shika vizuri. Nina jambo lako."

Twilumba alikuwa ameshika ncha ya pili. Kikuku kilikuwa mfukoni, kimezimwa. Kukiwasha ilikuwa kazi ya kidole kimoja.

"Miaka mitatu, Mwalimu," Mama Edina alianza, akisugua kwa nguvu. "Tumeandika barua nne za nyavu mpya. Zote zimejibiwa. Kila jibu linasema 'salamu zetu za dhati.' Nyavu hazishonwi kwa salamu."

"Ni kweli," alisema Mwalimu.

"Ngoja, sijamaliza. Kitenge changu cha kampeni nilikikata mimi mwenyewe, kwa mkasi huu. Kile nilichotaka kuzikwa nacho. Nilikikata nikakishona pale, kwenye wavu wa nne. Nililia. Wenzangu wanajua."

"Alilia," alisema Mama Lusungu.

"Mwaka uliopita ulikwenda kunywa chai kwa Zakayo Tweve mara sita. Mara sita! Hapa ulipita ukatupungia mkono kutoka kwenye kitoroli."

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilijua mpo," alisema taratibu.

"Tupo. Na mlima nao upo, lakini nani anausalimia?" Mama Edina aliacha kusugua. "Asiyekupenda unamwendea mara sita. Mimi nimekupenda miaka ishirini, kwa hiyo sistahili hata moja? Basi safari hii kura yangu sijui nitampa nani. Nimesema. Mungu anisamehe, nimesema."

Wavu ukaacha kutikisika. Kwa Ilungi, maneno hayo yalikuwa hayajawahi kutamkwa. Twilumba alimtazama mama yake, mwanamke aliyewahi kubebwa kwenye machela kwenda kuipigia Chemchemi kura akiwa na homa ya mapafu, na moyo ukamwuma kweli kweli. Aliiona mishipa ya mikono yake. Aliona kwamba amekonda. Alikuwa nyumbani Jumamosi tu, amekaa juani anakula kuku, na hakuona.

Mkono wake ulikuwa mfukoni. Akautoa mtupu, akaushika wavu kwa mikono yote miwili.

Mwalimu Oresto hakujitetea. Twilumba alimpenda kwa hilo. Aliuliza tu, "Na bomba? Mji una kiu, Mama Edina. Hilo nalo si uongo."

"Nani amesema ni uongo?" Mama Edina alishika kiuno. "Tunajua wana kiu. Sisi ndio tunaokinga maji, hatuyanywi yote. Lakini mtu akitaka kuchota kwangu na apige hodi. Asichukue mtungi halafu aniite mpangaji. Nyavu mpya zije kwanza, na koki ya bomba ibaki mikononi mwetu. Ukungu ukipungua, tutawapunguzia, na sisi tutajipunguzia vile vile. Hapo lijengeni hilo bomba lenu hata kesho."

"Hata leo," alisema Mama Lusungu. "Mjini nina wajukuu."

Waliosha safu tatu. Mpaka jua linatoka, Mwalimu alikuwa amekaripiwa na wanawake kumi na mmoja, mmoja wao kwa kosa la kumfelisha hesabu miaka arobaini iliyopita. Alishuka mlimani amelowa, anatetemeka, uso umemchangamka.

"Sijafurahi hivi tangu nistaafu," alimwambia Twilumba kwenye kitoroli. "Nilisahau kugombezwa."

*

Alhamisi Kheri alinyoosha mkono. "Sauti."

Twilumba akaweka kikuku mezani. "Sikunasa."

"Kilikataa?"

"Nilikataa mimi. Yale ni maneno ya wavuni, hayatoki pale. Mwalimu aliyasikia kwa sababu alishika ncha. Ukiyataka, kashike ncha."

Akawasha kivuli, akafanya jambo ambalo mtunza kivuli ana ruhusa kulifanya na ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Alizichagua nukta zote elfu kumi na moja za mlimani, akaandika mbele yake: haijulikani. Zikazimika safu kwa safu. Ukutani mlima ukabaki mweupe, na chini yake mashine ikaandika kwamba haiwezi kukadiria matokeo. Kazi ya miaka mitano ilikuwa imepata tundu kubwa kuliko yale ya nyavu.

Kheri aliusogelea ule weupe ukutani. "Sasa nitajuaje wanataka nini?"

"Kitoroli kinapanda kila nusu saa."

"Twilumba, nitalazimika kuandika makao makuu. Unajua hilo."

"Andika."

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini aliogopa. Alikipenda kiti chake, alikipenda cheti chake. Mwalimu Oresto, aliyekuwa dirishani akipiga chafya, aligeuka.

"Andika pia kwamba mgombea ana mafua na ana hotuba moja tu," alisema. "Nitaisoma sokoni, nitaisoma Ilungi, neno kwa neno."

"Mji utanuna, Mwalimu."

"Sehemu yake itanuna. Watu wa katikati nawataka, Kheri, nawataka sana. Lakini siwezi kuwapelekea zawadi niliyoinyang'anya nyumbani kwangu."

Kheri akavuta sweta la juu mpaka kidevuni. Aliandika ile barua, maana alikuwa mtu wa kutimiza wajibu, akaifunga. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, mabuti yanapatikana duka gani.

Jumamosi mchana soko lilijaa. Mwalimu alisimama juu ya kreti la viazi, sauti imekwaruza, akawaambia watu wa mji kwamba bomba litakuja. Wakashangilia. Akawaambia kwamba nyavu mpya zitatangulia, na koki itakaa Ilungi, mikononi mwa wale wanaozisugua nyavu alfajiri, na wiki za ukungu haba kila mmoja atapata kidogo, mlima na mji sawasawa. Shangwe zikapungua. Wengine wakaguna, na mtu mmoja akaondoka na dumu lake. Nyuma kabisa, wanawake wa Ilungi walisimama na kanga zao za kawaida, bila kitenge hata kimoja cha chama, kwa sababu vyote vilikuwa mlimani vinakinga maji. Hawakupiga vigelegele mara moja. Walitazamana kwanza. Kisha Mama Lusungu akaanza.

"Baba mdogo, umeonaje?" Twilumba alimwuliza Zakayo Tweve.

Zakayo alikuwa amekunja uso. "Miaka yote hii," alisema, "hakuna mgombea aliyewahi kuniambia hapana. Hata nusu ya hapana." Akafikiri. "Huko juu wanaosha nyavu saa ngapi?"

"Kunapopambazuka. Umeamua?"

"Nani amesema nimeamua? Nimeuliza saa."

Twilumba alipanda kitoroli jioni hiyo jua likiwa bado juu ya milima. Hakujua kama wangeshinda. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano hakuna aliyejua, na alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Alifika nyumbani akakuta mlango wazi. Hakuna vigelegele. Kiti chenye kitambaa cha kufuma kilikuwa kimegeuzwa juu ya kabati, na kikombe cha ukingo wa dhahabu hakikuonekana.

"Umechelewa," alisema Mama Edina bila kugeuka, akikoroga chungu. "Na huo mlango unaufunga au unawangoja ng'ombe? Misimu miwili nimevuna viazi peke yangu, mgongo umeniisha, wewe unakuja Jumamosi kwa Jumamosi unakula kuku wangu unaondoka. Unajua nimebakiza kuku wangapi? Leo ni mboga. Na hizo sufuria pale hazijioshi."

Akamsukumia chai kwenye kikombe cha bati, kile chenye mpini uliovunjika, alichokuwa akinywea mwanawe alipokuwa msichana wa shule.

Twilumba alikipokea. Machozi yalimlenga kwa furaha, akayaficha kwenye mvuke. Alikunywa mafunda mawili, akakunja mikono ya sweta, akachuchumaa kwenye zile sufuria.

"Na ile ya chini," alisema mama yake, "sugua vizuri. Ina ukoko tangu jana."